Je, Mkristo Anayerudia Dhambi Husamehewa? Mafundisho ya Kanisa juu ya Kitubio na Kusudi la Kuacha Dhambi



Sisi watu wa pwani tuna methali isemayo: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Waamini wengi huwa na methali hii moyoni wanapokikaribia kiti cha maungamo, nayo huwaathiri kwa namna mbili. Yupo anayeona haya kuungama dhambi ileile kila mwezi, na hatimaye huacha kuungama kabisa, akiamini kwamba Mungu amekwisha kumchoka. Yupo pia anayetenda dhambi bila wasiwasi, kwa kuwa anajua Jumamosi padre atakuwa kanisani, naye ataungama, kisha Jumapili atakomunika. Wote wawili wanauliza swali moja: je, Mkristo aliyebatizwa anaweza kuendelea kutenda dhambi na bado akasamehewa? Katika makala hii tunaeleza jibu la Kanisa, sababu zake, na namna linavyogusa maisha yetu hapa Tanga, milimani Usambara na kando ya bahari.

Jibu kwa ufupi

Kanisa hufundisha mambo mawili, nayo hayatenganishwi. La kwanza: hakuna dhambi, iwe kubwa kiasi gani au imerudiwa mara ngapi, ambayo Kanisa haliwezi kuiondolea kwa mamlaka liliyopewa na Kristo, ikiwa mkosefu anatubu kweli (Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 982). La pili: hakuna anayesamehewa dhambi ambayo hataki kuiacha. Kwa hiyo kinachoamua si idadi ya mara alizoanguka mtu, bali ni nia aliyo nayo anapopiga magoti. Anayeanguka na kuinuka mara mia husamehewa mara mia. Anayepiga magoti huku amekwisha kupanga kurudi hasamehewi, hata akipiga magoti mara moja tu.

Yasemwayo na Maandiko Matakatifu

Petro alipomwuliza Bwana kama inatosha kumsamehe ndugu mara saba, alijibiwa kwa hesabu isiyo na mwisho (Mathayo 18:21-22). Katika Injili ya Luka tunaagizwa kumsamehe ndugu anayekosa mara saba kwa siku moja na kurudi mara saba akisema kwamba anatubu (Luka 17:3-4). Mungu hawezi kutudai sisi huruma iliyo kubwa kuliko yake mwenyewe. Kitabu cha Mithali nacho kinamtambua mwenye haki kuwa ni mtu anayeanguka mara saba na kuinuka tena (Mithali 24:16). Mtume Yohane anaongeza kwamba anayedai kuwa hana dhambi anajidanganya, ila tukiziungama Mungu ni mwaminifu kutusamehe (1 Yohane 1:8-9).

Lakini Maandiko hayohayo yana onyo kali. Mtume Paulo aliulizwa kama inafaa kudumu katika dhambi ili neema izidi, naye akalikataa wazo hilo moja kwa moja: aliyebatizwa ameifia dhambi, basi ataishije ndani yake tena? (Warumi 6:1-2). Yoshua bin Sira anamwonya mtu asirundike dhambi juu ya dhambi kwa kisingizio kwamba huruma ya Mungu ni kubwa (5:4-7). Waraka kwa Waebrania unasema kwamba kwa anayedumu kutenda dhambi kwa makusudi baada ya kuijua kweli, haibaki tena sadaka nyingine (10:26). Maana yake si kwamba Mungu hukataa toba ya mtu. Maana yake ni kwamba anayeikataa sadaka ya Kristo, iliyo moja tu, hana mahali pengine pa kwenda. Yule mwanamke aliyeokolewa na Yesu mikononi mwa washitaki wake alipokea vyote viwili pamoja: hakuhukumiwa, na akaagizwa asitende dhambi tena (Yohane 8:11).

Kanisa la Afrika lilivyopambana na swali hili

Swali hili si geni. Katika karne ya pili, kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma, kilifundisha kwamba baada ya Ubatizo mtu ana nafasi moja tu ya toba. Wengi waliogopa kwamba nafasi zikiwa nyingi, watu wangeichezea neema.

Jambo hili lilipamba moto wakati wa dhulma ya Kaisari Desio, mwaka 250. Wakristo wengi wa Kartago, katika Afrika ya Kaskazini, walitoa sadaka kwa miungu au walinunua hati za uongo zilizosema kwamba wametoa, ili waokoe maisha yao. Dhulma ilipopoa, walitaka kurudi. Huko Roma padre Novasiano alisema kwamba hawa wasipokelewe kamwe, naye akajitenga na Papa Kornelio mwaka 251. Upande wa pili walikuwako waliotaka kuwarudisha siku hiyohiyo, bila toba wala malipizi. Mtakatifu Sipriano, Askofu wa Kartago, alizikataa njia zote mbili. Sinodi ya maaskofu wa Afrika, iliyokutana Kartago mwaka 251, iliamua kwamba walioanguka wapokelewe, lakini kwa njia ya toba ya kweli na kwa kadiri ya uzito wa kosa la kila mmoja. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 nao uliwadai wafuasi wa Novasiano waliotaka kurudi katika Kanisa wakubali kushirikiana na walioanguka na kufanya toba.

Baadaye, hasa kupitia wamonaki wa Ireland, ilienea desturi ya kuungama faraghani na mara nyingi. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukamwagiza kila mwamini kuungama walau mara moja kwa mwaka. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1547 kwamba aliyehesabiwa haki anaweza kuipoteza neema kwa dhambi ya mauti, na kwamba anaweza kuipata tena kwa Sakramenti ya Kitubio. Hivyo uamuzi wa Sipriano, askofu wa Kiafrika aliyekufa mfiadini mwaka 258, ndio msingi tunaousimamia hadi leo: mlango hufungwi kwa aliyeanguka, wala haufanywi kuwa njia ya kupita na kurudi.

Majuto ni nini, na kusudi ni nini

Mwenye kutubu ana matendo matatu: majuto, maungamo na malipizi. La kwanza ndilo kubwa. Katekisimu (namba 1451) inaeleza kwamba majuto ni uchungu wa roho na chuki juu ya dhambi iliyotendwa, pamoja na kusudi la kutotenda dhambi tena. Tuzingatie kwamba kusudi hilo si nyongeza iliyopachikwa nje ya majuto; ni sehemu yake. Uchungu usio na kusudi ni aibu tu, au ni hofu ya kugunduliwa.

Majuto yakitoka katika kumpenda Mungu kuliko vyote huitwa majuto kamili. Yakitoka katika ubaya wa dhambi au hofu ya adhabu huitwa majuto yasiyo kamili, nayo pia ni zawadi ya Roho Mtakatifu na yanatosha kumwandaa mtu kupokea ondoleo katika sakramenti (namba 1452-1453). Kwa hiyo asijisumbue mwamini anayesema kwamba hana machozi. Majuto ni tendo la utashi, si wingi wa hisia.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 987, inadai kwamba mwenye kuungama azikatae dhambi alizotenda na awe na kusudi la kujirekebisha. Pasipo hilo, maneno ya ondoleo yanayotamkwa na padre hayazai matunda. Padre haoni moyo, anaweza kudanganywa. Mungu hadanganyiki. Kwa upande mwingine, kanuni ya 980 inamkataza padre kunyima au kuahirisha ondoleo ikiwa hana shaka juu ya nia ya mwenye kuungama. Kwa hiyo mwamini asiogope kwamba padre atamfukuza kwa sababu tu amerudi na dhambi ya mwezi uliopita.

Kuogopa kuanguka tena si sawa na kupanga kuanguka

Hapa ndipo waamini wengi waaminifu huteseka. Husema: “Padre, siwezi kuahidi kwamba sitarudia, kwa sababu ninajijua. Je, basi toba yangu ni ya uongo?”

Mtakatifu Yohane Paulo II alilijibu swali hili katika barua aliyomwandikia Kardinali William Baum tarehe 22 Machi 1996. Alifundisha kwamba kusudi linaweza kuwa la kweli hata kama mtu, akitazama udhaifu wake wa zamani, anahofia kuwa ataanguka tena. Utabiri ni kazi ya akili. Kusudi ni kazi ya utashi. Mgonjwa wa malaria anayemeza dawa na kununua chandarua anajua kwamba huenda akaugua tena mwaka ujao, lakini hakuna anayesema kwamba hataki kupona. Tofauti na huyo ni yule anayemeza dawa huku amekataa kabisa kulala chini ya chandarua. Huyo hataki kupona, anataka nafuu.

Mfano wa baharini na wa sokoni

Tuyaweke mafundisho haya katika mazingira yetu.

Uvuvi wa baruti umeisumbua pwani ya Tanga kwa miongo mingi, ingawa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na vifaranga, na huvunja matumbawe yanayohitaji miaka mingi sana kukua tena. Tukumbuke kwamba maji ya kati ya Tanga na Pangani yamo katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009, wanakopatikana samaki wa kale wanaoitwa silikanti. Anayelipua anamwibia mvuvi mwenzake wa mshipi na wa dema, na anawaibia watoto ambao hawajazaliwa. Jambo hili ni zito pia mbele ya Mungu.

Tuseme mvuvi wa namna hiyo anakuja kuungama. Akiwa amekwisha kuitupa baruti, amejitenga na wenzake wa kazi hiyo na ameanza kutafuta riziki kwa nyavu halali, basi amesamehewa, hata kama baada ya miezi sita njaa na vishawishi vitamwangusha tena. Akirudi akiwa na uchungu uleule, atasamehewa tena. Lakini ikiwa anapoungama baruti ingali imefichwa nyumbani na safari ya usiku wa Jumatatu imekwisha kupangwa, hakuna alichokiacha. Katika sala ya kutubu huahidi kuziepuka nafasi za dhambi, yaani watu, mahali na vitu vinavyomvuta mtu karibu na kuanguka. Nafasi ya dhambi ya mvuvi huyu imo ndani ya nyumba yake. Asiogope kulisema hilo kwa padre: siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote (kanuni ya 983).

Huko Lushoto, mkulima wa viazi na mboga anaifahamu lumbesa, gunia lililojazwa na kushonewa nyongeza juu yake, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Mfanyabiashara Mkatoliki anayenunua kwa lumbesa mwaka mzima na kuungama wizi kila Pasaka, kisha akarudi na magunia yaleyale, hana budi kujiuliza kama aliwahi kutubu hata mara moja. Aidha, kwake yeye kuacha hakutoshi. Katekisimu (namba 1459) inafundisha kwamba ondoleo huifuta dhambi lakini halitengenezi uharibifu wote uliosababishwa nayo. Mwenye kutubu hana budi kufanya linalowezekana kurudisha na kufidia. Zakayo alimwahidi Bwana kurudisha mara nne (Luka 19:8). Majirani zetu Waislamu nao hufundisha kwamba anayetubu ataacha dhambi, atajuta, ataazimia kutorudi, na atarudisha haki ya mtu aliyemdhulumu. Katika jambo hili, mkulima aliyeonewa na lumbesa, awe Mkristo au Mwislamu, anajua vema toba ya kweli inafananaje.

Wanaoishi pamoja bila ndoa

Katika parokia nyingi wapo wanaume na wanawake walioishi pamoja miaka mingi, wana watoto, na hawajafunga ndoa ya Kanisa. Wengi hawakuikataa sakramenti. Wameshindwa na mahari au na gharama za sherehe. Kwao maungamo hukwama, kwa kuwa hawawezi kukusudia kuacha hali ambayo wataendelea kuishi ndani yake usiku uleule.

Tunawakumbusha kwamba Kanisa halidai sherehe. Ikiwa hakuna kizuizi, ndoa hufungwa kwa ridhaa ya wawili hao mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili (kanuni ya 1108). Hakuna anayelazimika kukodi ukumbi wala kushona sare. Wale walio na kizuizi, kwa mfano mmoja wao kuwa na ndoa ya awali, wamwendee paroko wao na kumweleza yote kwa uwazi. Kila hali ina njia yake, na hakuna hali iliyo nje ya upendo wa Mungu.

Mazoea na uraibu

Kuna dhambi zilizokwisha kuwa mazoea: pombe, dawa za kulevya, kubeti, picha chafu. Kanisa linafundisha kwamba dhambi huwa ya mauti panapokuwa na jambo zito, ujuzi kamili na hiari kamili (namba 1857). Linafundisha pia kwamba mazoea, hofu na mambo mengine ya nafsi au ya jamii yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu (namba 1735). Kwa hiyo mraibu anayepigana na kushindwa si sawa na mtu huru anayechagua uovu kwa utulivu. Hata hivyo, mafundisho haya yasitumiwe kuwa mto wa kulalia. Yule ambaye hiari yake imedhoofika anabaki na jukumu moja analoliweza: kutafuta msaada. Kwake, kusudi la kweli huonekana katika kwenda hospitali, kumfungulia moyo ndugu mmoja wa Jumuiya Ndogondogo, au kumkabidhi mke pesa ya mshahara kabla haijafika kwenye kamari.

Mtakatifu Alfonso Maria wa Liguori, ambaye Papa Pio XII alimtangaza kuwa msimamizi wa waungamishi mwaka 1950, aliwafundisha mapadre kuwa baba na tabibu kwa watu wa namna hii. Tabibu hamfukuzi mgonjwa anayerudi. Humwuliza kama alimeza dawa.

“Ukiokoka, umeokoka”

Baadhi ya waamini wetu husikia mitaani mahubiri yanayosema kwamba aliyeokoka hawezi tena kupotea, lolote atakalotenda. Tuwe waangalifu tusiwatwike fundisho hili Wakristo wote wasio Wakatoliki. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ambao ndio uliotupatia jina walokole, ulisisitiza kinyume chake: kuungama makosa waziwazi, kurudisha vilivyoibwa na kuishi katika mwanga. Wakatoliki wengi wangeweza kujifunza bidii hiyo.

Lakini fundisho la wokovu usioweza kupotezwa Kanisa haliwezi kulipokea. Paulo mwenyewe, mtume wa neema, aliutiisha mwili wake ili baada ya kuwahubiria wengine asije akakataliwa yeye (1 Wakorintho 9:27). Ubatizo hufuta dhambi zote, ila mwelekeo wa dhambi hubaki ndani yetu kwa ajili ya mapambano (namba 1426). Nasi Wakatoliki tusicheke. Anayetumia Kitubio kama leseni ya kutenda dhambi anafuata kosa lilelile, tofauti ni kwamba yeye amelivika sakramenti.

Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza ni tumaini la uongo, yaani kudai msamaha pasipo wongofu (namba 2092). Kosa la pili ni kukata tamaa, yaani kuacha kutumaini msamaha wa Mungu (namba 2091). Makosa haya yanaonekana kuwa kinyume, lakini matunda yake ni mamoja: yote humfanya mtu aache kupambana. Wa kwanza huacha kwa kuwa anadhani ameshinda tayari, wa pili kwa kuwa anadhani ameshindwa tayari. Dhambi dhidi ya Roho Mtakatifu, ile isiyosamehewa, ndiyo hii ya kuukataa kwa makusudi msamaha wa Mungu kwa kukataa toba (namba 1864). Anayehofia kwamba ameitenda, na bado anataka kurudi, hajaitenda.

Mambo ya kufanya

Kwa mwamini anayejikuta akirudia dhambi moja, tunashauri haya.

1. Usiahirishe maungamo kwa sababu ya aibu. Siku unazokaa nje ya neema ndizo siku unazozidi kudhoofika.

2. Ungama kwa padre mmoja kadiri inavyowezekana, ili aufahamu ugonjwa na kukuongoza.

3. Taja dhambi kwa jina lake, na useme wazi kwamba unairudia. Usiifiche ndani ya maneno ya jumla.

4. Kabla ya kuingia kiti cha maungamo, jiulize: ni nafasi gani ya dhambi nitakayoiondoa wiki hii? Kusudi lisilotaja kitu, mahali au mtu kwa kawaida halidumu.

5. Rudisha ulichochukua. Ikiwa huwezi kumpata uliyemdhulumu, padre atakuelekeza namna ya kufidia.

6. Usikomunike ukijua kwamba uko katika dhambi ya mauti ambayo hujaiungama (1 Wakorintho 11:27-29), wala usiache kushiriki Misa kwa sababu hiyo.

7. Ukianguka tena, rudi upesi.

Hivyo methali yetu ya pwani ni kweli, nayo inahitaji kukamilishwa. Kurudia kosa ni kosa, na pengine ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Lakini Kristo hakuwapa Mitume wake mamlaka ya kusamehe kosa la kwanza peke yake. Saa za maungamo zimebandikwa katika kila parokia. Asiyeziweza kwa sababu ya kazi au umbali na amwombe padre wake saa nyingine. Mungu awajalie neema ya kutubu na nguvu ya kudumu.